Samaki Niliyemvua Akawa wa Baba

Al-Rawdah, Jeddah. Ijumaa.

Joto limeamka kabla ya watu leo. Nimekaa chumbani kwangu nyuma ya jikoni, sina hamu hata ya chai.

Nimesema ukweli, na ukweli umeniacha vibaya.

Mimi ni dereva wa mzee mmoja hapa, mwaka wa saba sasa. Namwita Baba. Tangu mafuta yapande bei, biashara yake ya vifaa vya ujenzi imenawiri, na kila mwaka huenda Kanada, kwenye mto wa pwani, kuvua stilhedi. Huyo ni trauti anayekwenda kukulia baharini, kisha hurudi mtoni kuzaa. Hunichukua kwa sababu nimekulia Nyeri, na trauti wa mito ya baridi nawajua tangu utotoni. Tumeenda miaka minne. Baba hajawahi kumtoa hata mmoja.

Mwezi uliopita, tukiwa ndani ya maji na mvua nyembamba ikinyesha, Baba alinipa fimbo yake ya kuvulia akapanda ukingoni kuswali alasiri. Sikuwa hata nimetupa ndoano vizuri. Mshipi ukakaza, rili inayoukunja ikalia, na samaki akaruka mzima nje ya maji, anang'aa kama sufuria mpya. Nilimfuata nikijikwaa kwenye mawe hadi mikono ikafa ganzi. Nilipomfikisha ukingoni, Baba alikuwa amemaliza swala. Nikampa amshike, nikampiga picha, tukamwachia akaenda zake.

Juzi tulikuwa Riyadh, kwa kaka yake. Wanaume wamejaa sebuleni, kahawa inazunguka, picha inapita mkono kwa mkono. Baba akasimulia alivyopambana na yule samaki, kisha akanigeukia.

"Mwangi alikuwepo. Waambie!"

Nikasema ni kweli. Tena nikaongeza chumvi, kwamba alikataa nimsaidie. Wakamsifu sana. Sikuona ubaya. Mzee akijisifu, mimi napungukiwa na nini?

Lakini garini, tukienda uwanja wa ndege wawili tu, hakuna wa kumringia, akaniuliza, "Hivi Mwangi, samaki aliponasa, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapo hapo, Baba."

"Sikukuona." Akatazama viganja vyake. "Mpaka leo mikono inaniuma alivyonivuta."

Hakuwa akidanganya.

Ndipo nikakumbuka niliyokuwa nikiyapuuza. Kuna siku alinielekeza hadi nyumba waliyohama zamani kule Aziziya, akashuka akabisha mlango wa watu.

Jana asubuhi alichukua gari peke yake, akapotea hadi adhuhuri. Aliporudi, Madam, mkewe, akaniita.

"Yule samaki wa kwenye picha, kweli ni mzee aliyemvua? Kila nikimsahihisha jambo ananiambia mimi ndiye nimesahau. Nimeanza kumwamini."

Nakiri hapa: kwanza nilijifikiria mwenyewe. Kafili wangu, mdhamini wa kukaa kwangu nchi hii, ni Baba. Watoto wake wakishika mambo, nani atahitaji dereva wa kwenda naye mtoni? Ikama yangu, kibali cha kuishi hapa, inaisha karibuni. Nilisimama pale nikipima, huku mama wa watu ananitazama.

"Ni mimi, madam. Baba alikuwa anaswali."

Hakulia. Alivuta shela yake mdomoni. "Halas, basi," akasema polepole.

Leo wanawe wamekuja. Wamechukua funguo za magari, wamefuta safari ya mwakani, wamepanga daktari. Mimi hakuna aliyenisemesha.

Kisha alasiri Baba akaja mwenyewe mlangoni pangu. Miaka saba hajawahi kufika huku nyuma.

"Umewaambia samaki si wangu?"

"Nimewaambia, Baba. Nisamehe."

Nilingoja anifukuze. Akakaa kitandani pangu, mikono magotini.

"Basi niambie ilivyokuwa."

Nikamwambia yote, mshipi, mawe, ganzi. Akasikiliza amefumba macho.

"Na mimi nilikuwa naswali?"

"Ndiyo, Baba."

"Mvua naikumbuka," akasema. Akainuka, akaondoka akishika ukuta.

Sijui kama kesho atakumbuka kwamba tumezungumza. Akija tena kunisimulia alivyomvuta yule samaki, nitamkatiza nimwambie ukweli mara ya pili?

Nadhani nitamwacha amalize kwanza.