Nimekanyaga Rubisi Mwenyewe

Jumatano, 1 Julai 1970

Nimeamka na mgongo umekaza. Nimepogolea migomba ya upande wa juu, majani makavu nimeyatandaza chini ya mibuni. Wasichana wangu wamechuma kahawa kapu zima kabla ya kwenda shule.

Mchana amepita Byabato, mdogo wake marehemu mume wangu. Hajakanyaga hapa tangu tumalize matanga. Hata kigoda amekikataa. Kasema wazee wa ukoo watakutana kwangu Jumapili ya tarehe kumi na tisa kuamua habari ya kibanja, shamba letu hili la migomba na kahawa. Eti kibanja bila mwanamume hugeuka pori. Eti mimi ni mtoto wa mjini, sina mtoto wa kiume, nichukue mabinti zangu nirudi Rwamishenye kwa baba. Alikuwa amesimama chini ya mkungu niliouwekea nguzo mwenyewe, na hakuuona.

Nimekasirika mpaka nimeshindwa kula.

Ijumaa, 3 Julai

Hasira haijaisha. Afadhali, inanisaidia kulima.

Humu daftarini sina wa kumdanganya. Mume wangu Matia alipokufa nilikuwa sijui kitu. Nilikata mkungu wa mbile, ndizi za pombe, nikazimenya nikazipika na maharage. Wasichana walitema. Habari ilifika kanisani kabla yangu. Nililia wiki nzima, si kwa ajili ya Matia tu, kwa aibu pia. Leo naijua mbile nikiwa mbali, kabla haijazaa. Najua mgomba upi una funza na upi una kiu. Hakuna aliyenipongeza. Basi najipongeza mwenyewe.

Jumatatu, 6 Julai

Nina shida. Wazee hawawezi kukaa kwenye nyumba isiyo na rubisi, pombe yetu ya ndizi. Na rubisi hukanyagwa na mwanamume. Mwanamke akitia mguu kwenye mtumbwi wa kukanyagia ndizi, wanasema pombe inaharibika na nyumba inaingia mkosi.

Nimemwomba jirani, Ta Rugai. Kasema mguu unamuuma. Jana tu nilimwona akicheza harusini kwa miguu yote miwili. Nimewaomba wengine, wote wana udhuru. Mke wa mmoja kaninong'oneza kwamba Byabato amewapitia wote. Sasa nimeelewa. Anataka wazee wakae makoo makavu, wajionee kwamba nyumba hii imekufa.

Jumamosi, 11 Julai

Shamba la ujamaa asubuhi yote. Katibu wa tawi kanipa jembe kama la wanaume na mstari kama wa wanaume. Nimemaliza kabla ya Ta Rugai na mguu wake. Hakuna aliyesema mihogo itaharibika kwa sababu imelimwa na mwanamke.

Nimerudi nikiwaza hilo njia nzima. Nilipofika sikupumzika. Nimekata mbile, nimechimba shimo, nimelipasha moto, nimezifukia ziive.

Naogopa. Lakini nimezifukia.

Ijumaa, 17 Julai

Nimekanyaga.

Nyuma ya nyumba, wasichana wakilinda njia. Nimeosha miguu mpaka ngozi ikauma. Mtumbwi wa Matia ulikuwa umekauka kwa kukaa bure, nimeulowesha tangu jana. Nikamenya ndizi, nikaweka nyasi, nikaingia. Mwanzoni nimeteleza nikakaa chini kwenye ndizi kama mtoto. Wasichana wamecheka. Nami nimecheka. Sikumbuki lini nimecheka hivyo.

Kisha miguu ikajua kazi. Unasukuma kwa kisigino, unageuza, unasukuma tena. Nilimtazama Matia miaka yote nikidhani anacheza tu. Mapaja yamewaka moto. Juisi ilipoanza kutoka, nyepesi na tamu, nimesimama nikaitazama. Mimi huyu. Yule wa kupika mbile na maharage.

Nimetia maji na mtama uliokaangwa, nimefunika kwa majani ya mgomba.

Jumamosi, 18 Julai

Amekuja Shangazi Kemilembe, dada ya baba yake Matia. Neno lake ukoo mzima unaliogopa. Nimepiga magoti nikamsalimu, nikamtandikia mkeka. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, akafunua majani, akanusa. Kisha akatazama miguu yangu. Utomvu wa ndizi hautoki upesi.

Nilidhani atanipigia kelele. Amenong'ona.

"Mwanangu, kesho useme amekanyaga Rugai. Nimeshaongea naye, atakubali. Sema hivyo tu, kibanja kitabaki kwako."

Nikamjibu, "Ndiyo, Shangazi." Nikamshukuru. Ananitakia mema, na pengine anasema kweli. Uongo mdogo, na mabinti zangu wanalala kwao. Nikisema kweli, huenda tukalala barabarani.

Nimeshinda na jambo hili kifuani. Nikisema ni Rugai, basi kibanja kimeokolewa na Rugai. Kila mwaka nitahitaji Rugai mwingine.

Sijui nitasema nini.

Jumapili, 19 Julai

Wamekuja baada ya misa. Wazee wote, Shangazi, Byabato na viatu vyake vipya. Nimewawekea nyasi mpya sakafuni, nimewapa vibuyu na mirija. Byabato alivitazama vile vibuyu kama mtu aliyeona nyoka.

Wakanywa. Mzee Kagasheki, mkubwa wa ukoo, kafumba macho. Akasema tangu Matia afariki hajanywa rubisi kama hii. Wenzake wakaitikia. Ndipo Byabato akauliza kwa sauti:

"Imekanyagwa na nani?"

Shangazi akanikazia macho. Rugai alikuwa mlangoni, mdomo umeshafunguka.

Nikasema, "Mimi."

Wazee wawili wakaweka vibuyu chini. Byabato akaruka juu, eti mnaona, eti nyumba imechafuka, atoke leo hii. Sikupiga magoti. Nikawaambia rubisi ileile waliyoisifu ndiyo hii, haijabadilika ikiwa kibuyuni. Migomba waliyoipita njiani nimeipogolea mimi, kahawa nimeipalilia mimi. Kama kuna pori, wanionyeshe liko wapi. Nikasema na kwa nini nimekanyaga, na nani alizuia wanaume wasije. Sikumtazama Byabato. Wao ndio walimtazama.

Mzee Kagasheki alikuwa ameurudisha mrija mdomoni. Alivuta mpaka chini, tukasikia kibuyu kikikoroma. Akasema huyu ni jike dume. Akasema kibanja kinamjua anayekilima, mama na watoto wake wabaki, na mazungumzo yameisha. Mmoja wa wale wawili alikwenda zake bila kuaga. Wa pili akaokota kibuyu chake.

Shangazi ameondoka bila kunitazama. Sijui kama amenisamehe. Inaniuma, lakini sijutii.

Jike dume. Nimeshaitwa vibaya zaidi.

Jumanne, 28 Julai

Baba amefika kutoka Rwamishenye na lori la rafiki yake. Mjini walimwambia tumefukuzwa, akaja kuchukua vyombo. Alishuka na kamba mkononi, amejiandaa kufunga vitanda.

Nikampa maji ya kunawa. Nikampikia ndizi, za kupika kweli. Alikula polepole. Kisha tukatembea kibanjani, mimi mbele, yeye nyuma. Aliuliza mgomba huu ni wa namna gani, nikamwambia. Akauliza ule, nikamwambia. Mwishoni hakuuliza tena. Alikuwa ananitazama mikono.

Dereva alipiga honi, anataka kujua apakie nini. Nimekata mikungu mitatu, tumeipakia, Baba akaifunga kwa ile kamba yake. Lori limeondoka. Baba kasema atabaki siku kidogo, atapanda basi.

Sasa amelala kwenye nyasi sakafuni, kofia usoni. Wasichana wanachambua kahawa nje. Upande wa chini kuna magugu. Nitayaanza jua likipungua.