Kola Niliyomshonea Shemeji

Bi Demetria, shikamoo. Nisaidie kabla ya Jumamosi, kwani mwenzio silali na chakula hakipiti.

Mimi ni fundi makochi hapa Keko, na mume wa dada yangu, Anwar, alikuwa akibeba trei za mayai kwa pikipiki kutoka Pugu, sasa mwaka jana mwenzake wa kazi alianguka akavunjika shingo akafa, dada akaja kwangu analia, akasema kaka, wewe unashona kila kitu, mshonee na mume wangu kitu cha kukinga shingo, nami nikakata sponji nene, nikaivika ngozi ya bandia, na nyuma kwa ndani nikatia kipande cha bati la pipa ili kola isilegee, maana kwa akili yangu chuma ndiyo nguvu, nikaijaribu mwenyewe nimekaa kitako nikaona inafaa, na Anwar aliipenda, akawa ananitania, "Shemeji, umenivalisha kochi."

Mwezi uliopita pikipiki iliteleza kwenye mchanga akaanguka chali, hakufa, lakini tangu siku hiyo mikono na miguu haifanyi kazi, analishwa na kugeuzwa, na watu wote wanasema isingekuwa kola ya fundi tungekuwa tumeshamzika, mama yake alinishika mikono mbele za watu akaniombea dua, lakini Bi Demetria, nguo zake hospitali walinikabidhi mimi, na ile kola nikaitazama, bati limetoboa sponji likajikunja kwa ndani, na kisogoni kwa Anwar kuna kovu lenye upana wa bati langu. Nimeificha darini. Dada akiuliza nasema ilipotelea hospitali.

Sasa mdogo wake Anwar, Mfaume, anaichukua pikipiki Jumamosi, na mama yao kaniomba nimshonee kola ya namna ile ile, nami nimeitikia. Nikisema ukweli nitampoteza dada, na kwetu tulizaliwa wawili tu. Je, nishone bila bati, ninyamaze? Dada ni msomaji wako, hakosi hata wiki moja. Naumia sana.

Fundi, Keko

Marahaba, fundi, na pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimekasirika. Umenieleza unavyoumia, hulali, huli. Hukunieleza kama umewahi kwenda kumsaidia dada yako kumgeuza mumewe. Asiyelala ni yeye.

Kwa kola ya kwanza sikulaumu. Uliombwa na mtu anayelia, ukafanya ulichokijua. Kama ni bati lililomvunja au ni kule kuanguka kwenyewe, wewe hujui na mimi sijui. Daktari ndiye wa kusema, naye hawezi kusema juu ya kitu kilichofichwa darini. Lakini kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa, na wewe umeshaitikia kurudia.

Usishone nyingine, hata isiyo na bati. Unayajua makochi, shingo huijui. Ishushe hiyo kola, umpelekee daktari wa Anwar. Kama kuna mwingine uliyemshonea, mfuate umvue. Mfaume avae helmeti, apunguze trei, apunguze mwendo.

Dada yako anaweza kukufukuza. Usisimame mlangoni kujitetea. Ondoka, kesho yake urudi, umgeuze shemeji yako.

Majina nimeyabadilisha, lakini fundi makochi wa Keko aliyemshonea shemejiye kola ni mmoja, na dada yako ataitambua barua hii kabla hajafika katikati. Nadhani ulilijua hilo ulipochagua kuniandikia mimi. Ulitaka nimwambie kwa niaba yako. Nimeichapa kwa ajili ya Mfaume, si kwa ajili yako.

Gazeti unalolisoma, na yeye atalinunua leo. Likunje, uende sasa hivi, asikie kwa kinywa chako.