Bwana Mwavuli, Chumba cha Tatu

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kile kifua kimetulia. Mimi sijambo, ila bado naona haya kuongea na watu. Wakati wa chai nakaa na kikombe changu dirishani, na mafundi wameshanipachika jina: Redio Mbovu.

Nimepewa kazi yangu ya kwanza ya kweli. Karakana yetu inatunza mashine za aina saba: mizani za maghala, vipimo vya maji, vichapishi vya risiti na nyingine. Kila aina ina kiendeshi chake, yaani programu ndogo ya kuongea nayo kupitia waya. Waya huo hupitisha herufi moja moja, kama watu kwenye mlango mwembamba. Sasa, ndani ya kila kiendeshi kuna mistari ileile ya kutuma: chukua herufi iliyo mbele ya foleni, itume, chukua inayofuata, foleni ikiisha simama. Mafundi wamekuwa wakinakili tu miaka yote, na kila anayenakili anaongeza kitu au anasahau kitu. Fundi Mkuu anataka nakala zote ziondoke, ibaki moja itakayotumiwa na mashine zote.

"Redio Mbovu," aliniambia, "kosa ukilikuta kwenye nyumba saba, hilo si kosa tena, ni ukoo."

Mashine mojawapo ni ule ubao wa taa unaoita wagonjwa kwenye zahanati ya kwetu. Nilipouona kwenye orodha niliweka kikombe chini. Mama, jirani ameniandikia kwamba siku hizi unashinda pale kutwa. Unaumwa na hutaki niambiwe?

Binti yako


13 Machi

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Kifua kimepoa, nakohoa asubuhi tu. Kula vizuri, na hao mafundi wajibu siku moja uone watakavyoshtuka.

Jirani hajasema uongo. Nashinda zahanati, lakini siumwi. Baba yako anaitwa.

Unajua pale mapokezi hawatangazi majina. Kila mgonjwa anachagua mwenyewe la kuitwa, ili shida yake isifike mtaani kabla yake. Karani analichapa, ubao unaliwasha. Siku ile nilipompeleka baba yako ulikuwa kwenye mitihani, kwa hiyo hujui alichagua nini. Alichagua Bwana Mwavuli, kwa ule mwavuli wake aliotembea nao kiangazi chote tukimcheka. Akakaa benchi akingoja zamu yake. Akaegemea bega langu. Mwanangu, alikata roho kabla hajaitwa.

Mwezi uliopita nilikwenda kuchukua dawa. Watu waliisha, ukumbi ukawa kimya, ubao ukawaka: BWANA MWAVULI, CHUMBA CHA TATU. Karani alikuwa kwenye sinki, mikono ina sabuni. Nikamwuliza, "Umemwita nani?" Akasema, "Mama, mimi sijagusa kitu." Na uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

Tangu hapo, kila watu wakiisha, anaitwa. Nakwenda ili asikute benchi tupu.

Mama yako


22 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma chooni ili mtu asinione nikilia. Unakula lakini? Unalala?

Nimelitafuta kosa, nimelipata. Katika nakala ya ubao wenu, aliyenakili alisahau mstari wa mwisho, ule unaosema foleni ikiisha simama. Kwa hiyo watu wakiisha mashine haisimami. Inaendelea kuzunguka na kutuma tena herufi za zamani zilizobaki kwenye kumbukumbu yake. Ni mabaki tu, Mama. Kama maji yanayodondoka bombani baada ya kufungwa.

Nilitaka kuishia hapo, lakini sijazoea kukuficha. Kumbukumbu hiyo ni ndogo mno. Inabeba wagonjwa wachache, na anayeingia anamfuta aliyetangulia. Mabaki yangepaswa kuwa ya mtu wa jana, au wa asubuhi ileile. Baba alipita mwaka jana. Ameshafutwa mara nyingi sana.

Nilimwuliza Fundi Mkuu. Akacheka, "Mashine haifi wala haifiwi. Unganisha hizo nakala, itanyamaza." Lakini baadaye nilimwona peke yake, anaisoma ile nakala, na kidole chake kilikuwa kimesimama kwenye mstari mmoja kwa muda mrefu.

Tafadhali pumzika nyumbani kwanza.

Binti yako


29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nakula kidogo. Usingizi nimeuachia wenye nao.

Mambo ya foleni na kumbukumbu huyaelewi hata wewe unayeyaeleza, sembuse mimi ninayeyasikiliza. Lakini mtu akiitwa najua. Usiguse ubao huo. Nakuomba kama mama, na sijawahi kukuomba kitu kigumu.

Sasa ubao umebadilika. Jumanne uliandika: BWANA MWAVULI NA MKEWE, CHUMBA CHA TATU. Watu walikuwepo. Mzee mmoja alisogea mbali nami kwenye benchi.

Chumba hicho wamekifunga tangu walipochimba sakafu kutafuta bomba lililopasuka. Shimo lake refu, na maji ya chini hayaonekani. Mlinzi aniambia anafunga mlango kila siku na kila siku anaukuta umeachama. Nimechungulia. Kuna ubaridi mzuri unatoka mle, kama wa nyumba iliyofagiliwa ikanyunyizwa maji.

Wiki ijayo nitavaa gauni langu la bluu niingie. Kuitwa mara moja ni heshima, kuitwa mara zote hizi ni kusihiwa. Usilie. Wewe ni mkubwa sasa, una kazi.

Mama yako


3 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwamba sikuulizi hali kwanza.

Nimekuasi. Nilipomaliza kusoma barua yako nilisimama katikati ya karakana nikasema kwa sauti, "Kiendeshi cha ubao wa zahanati kiondoke leo!" Vikombe vyote vikatulia. Fundi mmoja akasema, "Ee, redio imeshika!" Lakini Fundi Mkuu hakucheka. Alikaa na mimi tukakagua mistari yote, nikaunganisha nakala zote saba, nikapima kila aina ya mashine. Sasa mistari ya kutuma ni mimi niliyeiandika, na ni ileile kwa mashine zote. Hakuna herufi itakayotumwa isipowekwa kwenye foleni. Ikitumwa, imetumwa mara moja. Foleni ikiisha, inasimama.

Fundi wa safari ameondoka na programu hiyo kwa pikipiki, na barua hii iko mfukoni mwake. Ukiisoma, ubao umeshanyamaza. Nimemnyamazisha Baba. Nikasirikie, nichape nikirudi, lakini usiingie chumba kile. Nimebaki na wewe tu.

Binti yako


10 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nilikasirika, tena sana. Fundi wako aliponipa barua pale zahanati nilikuwa nimeshavaa gauni la bluu.

Nilikaa benchini hata hivyo. Watu wakaitwa, kila mmoja mara moja, kama ulivyosema. Wakaisha. Ubao ukazimika, ukabaki mweusi, na ukumbi ulikuwa mkubwa kuliko nilivyowahi kuuona. Nikasema basi, kama haniiti tena nitakwenda mwenyewe. Nikasimama, nikashika kitasa cha chumba cha tatu.

Ubao ukawaka nyuma yangu. Niliona mwanga wake mwekundu ukutani kabla sijageuka. Uliandika: BI HARAKA, RUDI NYUMBANI. Mara moja. Ukasimama.

Nikaachia kitasa. Nimerudi, nimepika, nimekula nikashiba. Sitakwenda tena.

Nilijua ni wewe uliyetuma, na nilikuwa nikucheke kwa ujanja wako. Ndipo nikakumbuka. Bi Haraka ni jina alilonipa baba yako tukiwa wawili tu, kabla hujazaliwa. Hatukuwahi kulitamka mbele ya mtu. Wewe umelijulia wapi?

Mama yako


17 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi mno kwamba unakula.

Sikulijua jina hilo mpaka nilipofungua barua yako. Na kutoka huku hatuwezi kuandika chochote kwenye ubao wenu, waya wake unaishia mezani kwa karani. Nimempigia simu karani. Anasema alikuwa ameshafunga mashine yake na kutoka.

Nimeisoma mistari yangu tena, na Fundi Mkuu ameisoma. Leo alifuta nakala ya zamani mbele yangu, halafu akaniuliza kwa upole kama kuna kosa lolote limebaki kwenye programu yangu.

Nilimwambia hakuna. Ni kweli, Mama, hakuna. Inatuma tu kile ambacho mtu ameweka kwenye foleni.

Mwanao