Chama cha Wachunguzi wa Mwasho

Jumatatu, 6 Juni 2005. Kitale

Mvua tangu saa nane. Wagonjwa arobaini na mmoja, saba kati yao upele. Nimekunywa chai, sikumbuki kama ilikuwa na sukari.

Mwalimu Wekoye amepiga simu kutoka Bungoma. Alinifundisha bailojia chuoni, sasa amestaafu na kutulia hawezi. Barua niliyomwandikia kuhusu mwasho ameisoma mara tatu. Ati maumivu yana wataalamu wao duniani kote, mwasho una kucha tu! Kwa hivyo tuanzishe chama cha wasomi, cha kuuchunguza. Kusajili kunataka watu kumi. Yeye atatafuta wa Bungoma, mimi wa Kitale. Nikasema sawa.

Hakuuliza kwa nini nataka. Mama ana wiki tisa kaburini. Sijalia. Kila mtu ananisifu kwamba nimejikaza. Sijajikaza, sihisi kitu tu.

Alhamisi, 9 Juni

Mwalimu ametuma rasimu ya katiba. Kurasa kumi na moja! Kila mwanzilishi alete kisa kimoja: aliona nini, alifanya nini, alikosea wapi. Hapo pa kukosea amepiga mstari chini.

Kisa ninacho. Nimekiandika saa ya chakula:

Mgonjwa R., mwanamke, miaka 64, mkulima. Mwasho mwili mzima, zaidi viganjani na nyayoni, bila vipele. Alipewa Piriton, kisha dawa ya upele, blanketi zote zikachemshwa. Mwezi wa tano wa kuwashwa, daktari alimwambia ni mawazo. Ini halikupimwa hadi macho yalipogeuka manjano, baada ya miezi kumi na minne.

R. ni Rahab. Rahab ni mama yangu. Daktari ni mimi.

Kwenye karatasi kimekaa vizuri, safi kabisa. Kule Bungoma hakuna anayemjua mama.

Jumapili, 12 Juni

Nimeenda shambani kwa Wachira, ndugu yangu. Palizi imechelewa, mahindi yamemezwa na magugu. Tumekula githeri. Nikamwambia habari za chama, akacheka kidogo — ati hata kujikuna kuna mwenyekiti!

Halafu akaniambia jambo ambalo sikulijua. Mama alikuwa akijikuna mgongo kwa gunzi, nyuma ya stoo, hadi damu. Akisikia nimefika analitupa. Alimwambia Wachira, "Usimsumbue Gathoni. Yeye amesoma. Kama ni mawazo, wacha nijaribu kutofikiria."

Nikamaliza githeri. Nikaosha sahani zote, hata zile safi. Wachira alikuwa akingoja niseme kitu. Nikamuuliza bei ya mbolea.

Jumanne, 21 Juni

Wasomi wanane wamekubali kwa simu. Na Mwalimu na mimi, kumi. Kipketer wa maabara ameuliza mara mbili kama kutakuwa na chakula cha mchana. Ukumbi ni wa kanisa la Mwalimu, kwa hivyo amepeleka tangazo lisomwe Jumapili baada ya ibada, kwaya isije ikauchukua siku yetu.

Sina la kuongeza.

Jumamosi, 2 Julai. Bungoma

Naandika ndani ya stoo ya kanisa, nimekalia ngoma. Wengine wako kwenye chai.

Wasomi wamekuja wanne, mimi na Mwalimu ndani ya hesabu. Hata Kipketer hajaonekana! Lakini ukumbi umejaa pomoni. Katibu wa kanisa alilisoma tangazo kwa njia yake: wote wenye shida ya kuwashwa wafike Jumamosi saa nne. Wamefika. Wa Chwele, wa Lwakhakha, wakata miwa, akina mama na watoto wenye vipele, mzee mmoja anajisugua kwenye fremu ya mlango kama ng'ombe.

Nikawaeleza kwa upole kwamba hii si kliniki. Ni chama cha watu wanaochunguza mwasho. Mama mmoja akasimama. Anaitwa Nanyama, anauza ndizi Chwele, mikono ina makovu hadi viwikoni.

"Daktari, mimi nimechunguza hii kitu miaka sita. Usiku, mchana. Wewe umechunguza ngapi?"

Makofi! Mwalimu naye akapiga. Akasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na katiba haijasema popote kwamba mwanachama awe na digrii. Akachukua kalamu, akaanza kuandika majina. Kumi wakapita hata mstari haujapungua. Chama kipo. Mimi mwenyekiti. Nilidhani nitafurahi.

Kisha visa. Nikasoma changu kwa sauti ile ninayotumia kusoma majibu ya maabara. Nilipofika kwenye "ni mawazo," ukumbi mzima ukaguna. Wote wameshaambiwa hivyo. Nanyama akauliza huyo mama yuko wapi sasa. Nikasema alifariki.

"Pore sana kwa watu wake," akasema. Akakaa. Akasimama tena. "Na huyo daktari mumemualika?"

Nikasema sijaelewa.

"Si Mwarimu amesema kila mtu alete pahali amekosea? Huyo ako na kisa kubwa kutushinda sisi wote. Aitwe, bana. Hatutamtukana. Atuambie tu, wakati alisema ni mawazo, yeye alikuwa anafikilia nini."

Mwalimu akasema hoja nzuri, iandikwe. Mzee wa mlangoni akaiunga mkono. Mwalimu akanigeukia mimi, mwenyekiti, kama najua huyo daktari anapatikana wapi.

Nikasema tunywe chai kwanza.

Nimesoma ile karatasi tena na mara hii nimeona aibu, aibu ya kweli, hadi masikio yamepata moto. Mama aliacha kuniambia. Miezi tisa aliwashwa kimya ili nisionekane nimekosea.

Wanarudi, nasikia viti vikivutwa. Nimechungulia. Nanyama amepangusa kiti kimoja kwa leso yake, amekiweka kando ya chake, na kila anayetaka kukikalia anamfukuza. Ati ni cha daktari, labda atakuja.

Mwalimu anagonga. Nimemwambia nakuja —