Walidhani Nafundisha Kilatini

Alhamisi, Kasulu. Mvua imenyesha tangu asubuhi na matope yamefika hadi kizingitini. Sina nguvu ya kuyaondoa.

Leo baraza la wazee wa kanisa limelifunga darasa langu la akina mama. Niandike hivyo hivyo, bila kupamba.

Chanzo ni neno moja. Kwenye taarifa ya darasa niliandika kwamba tunasoma mawazo ya mwanatheolojia mmoja Mlatina. Katibu akasoma "Kilatini". Kufikia Jumapili habari zilikuwa zimeshafika hadi kijijini Heru Juu kwamba nawafundisha wake za watu misa ya Kiroma.

Ningecheka kama yasingenihusu mimi.

Huyo mwanatheolojia ni mwanamke; nilimsoma chuoni, na tangu hapo hajanitoka. Ni mtoto wa wakimbizi, kama mimi. Wazazi wake walivuka mpaka wakaingia nchi ya lugha ya watu. Wangu walitoka Burundi na mafurushi kichwani. Yeye anaona kwamba Mungu anajulikana katika maisha ya kila siku ya wanawake maskini, jikoni na shambani, na kwamba hata asiyejua kusoma ana theolojia yake.

Kwa hiyo darasani sikuhubiri, niliuliza. Yozefina, mjane wa Heru Juu, alinyamaza wiki tatu. Ya nne akasema kila akimenya mihogo huwa anamgombeza Mungu kwa Kiha, maana Kiswahili ni cha kanisani na kule hagombezi mtu. Siku ile nilirudi nyumbani nikalia kwa furaha.

Leo nimesimama mbele ya wazee nikaeleza kwamba Mlatina ni mtu, asili yake Amerika ya Kusini, na kwamba hakuna Kilatini chochote. Nikaeleza na anachofundisha, chote, kwa bidii ya mwanafunzi anayetaka alama. Mwenyekiti akavua miwani.

"Mwalimu, basi afadhali ingekuwa Kilatini. Hicho akina mama wasingekielewa."

Kisha wakamwita Yozefina, wakamuuliza amejifunza nini kwangu.

"Hakuna kitu, wazee wangu. Mimi huwa nawasindikiza wenzangu tu."

Hakunitazama. Hapo ndipo nilipokata tamaa, wala si kwa maneno ya wazee. Niliona kazi yangu yote imekwenda bure. Walipoweka mezani karatasi ya kuahidi kwamba sitawakusanya tena akina mama, nikasaini. Nilitaka kutoka tu.

Nje nikamkuta Yozefina ananisubiri kwenye upenu, kanga imelowa.

"Mwalimu, sasa wanajua hatufanyi kitu, watatuacha," akaninong'oneza. "Alhamisi ijayo tukutane kwangu. Wakiuliza, tunachambua maharage."

Nikamwambia nimeshasaini.

Alijifunga kanga vizuri, akashika njia ya Heru Juu kwa miguu, kwenye mvua ile ile.

Miaka mitatu nimekaa chuoni nikijifunza kwamba wanawake kama yeye wana akili ya kuvuka mambo haya. Leo ameitumia mbele ya macho yangu, nami nikamdhania mwoga. Wazee hawakulimaliza darasa lile. Nimelimaliza mimi, kwa kalamu ya kuazima.

Jumapili atakuwa amekaa benchi la mbele. Nitamtazamaje?