Gurudumu Mtaroni

4 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini hamjambo na mguu wa Baba unapona. Mimi nina alama ya mkanda begani tu, na hiyo ndiyo habari yenyewe. Nimepata ajali na ndege ya mafunzo, ila chini, si angani. Nilikuwa peke yangu, nimeshatua salama, naipeleka kwenye maegesho. Nikamwona mwenzangu mlangoni mwa darasa, nikampungia mkono. Gurudumu la mbele likaacha lami, likatumbukia mtaroni; propela ikagonga zege, ikapinda.

Mwalimu alikuja akitembea, hakukimbia.

"Umeumia?"

"Hapana."

"Basi zima kila kitu, ushuke."

Tulikuwa na ndege mbili za mafunzo. Sasa imebaki moja, na wakati wa kula hakuna anayenisemesha.

Mwanao

13 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo. Mguu wa baba yako umepumzika, mdomo bado. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa. Mkono wako haujatulia tangu ungali tumboni. Wewe umeonywa mtaroni. Wengine huonywa juu kabisa. Mjomba wako anatafuta mtu wa duka lake la dawa. Rudi. Ajali haina kinga, najua, lakini kaunta haina propela.

Mama yako

24 Aprili

Mama,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya. Nilifunga sanduku kweli. Nikaenda kumuaga mwalimu, nikamkuta bandani na fundi, wameifungua injini yote ya ile ndege niliyoigongesha, waikague. Akanipa taa, "Tumulikie kidogo." Nikamulika mpaka jioni. Kesho yake nikarudi, na keshokutwa. Yule mwenzangu naye akaja kuosha vyuma. Akasema, "Siku ile mimi ndiye niliyeanza kukupungia." Tukaendelea kuosha.

Jana ndege ilikuwa tayari. Mwalimu aliketi nami hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kisha akashuka, akafunga mlango. Nikaruka, nikazunguka uwanja, nikatua.

Mwambie mjomba asinisubiri.

Mwanao

2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima. Mjomba wako nimemwambia, amenuna. Baba yako anatembea mtaa mzima akidai alijua tangu mwanzo. Mimi sijakubali, nimeshindwa tu; usichanganye.

Ila nina ombi. Usiniandikie kwamba kesho utaruka. Niandikie ukishatua.

Mama yako