Mlango wa Chumba cha Mama

Kaka yangu,

Huku hatujambo. Miguu ya Mama imepata nafuu, na tangu umwambie unamjengea chumba nyumbani kwako, anashona mapazia kutwa. Mimi bado nafundisha vijana chuoni kupima majengo na kuandaa mchanganuo wa vifaa na gharama. Wanapima ukuta mzima vizuri, halafu wanasahau kuondoa nafasi za milango na madirisha.

Juzi niliwapa ramani ya nyumba yako wafanyie mazoezi. Nilitaka kujidai kidogo. Walipofika chumba cha Mama, binti mmoja akaniita.

"Mwalimu, ukuta huu wa sebuleni hauna mlango wa kuondoa. Chumba kinafungukia uani tu, kama stoo."

Nikaangalia. Kaka, ni kweli. Tangu hapo situlii. Nasahihisha madaftari, nainuka, naifungua ramani tena. Mvua ikinyesha, Mama atafikaje mezani? Wifi ameiona ramani hii?

Darasani nimesema mchoraji kakosea. Usinifanye mwongo. Leo Mama kaniuliza pazia la mlango wa kwenda sebuleni alikate urefu gani.

Mdogo wako